Mdomo uliopinda, mkono uliolegea: sura za mkanda wa jeshi tusizozijua

MKANDA wa jeshi ni ugonjwa ambao karibu kila ukoo umeshauona. Kuna shangazi aliyeupata ubavuni, kuna babu uliyemshika kifuani, kuna jirani aliyelala kifudifudi wiki nzima kwa sababu hata shuka likimgusa mgongo anashtuka. Malengelenge hutoka upande mmoja wa mwili, hujipanga kama mkanda wa askari, huwaka kama moto, kisha hukauka na kuacha kovu.

Kwa kuwa tunauona kwenye ngozi, tunauita ugonjwa wa ngozi. Hapo ndipo tunapokosea. Mkanda wa jeshi ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, yaani neva, na ngozi ni mahali unapojionyesha tu. Kuna siku hujionyesha kwingine kabisa: mdomo unapinda, jicho halifumbi, mkono hauinuki, mkojo unagoma kutoka, au mtoto aliyetoka kuugua tetekuwanga anaanza kuyumba kama mlevi.

Wiki hii tuzungumzie sura hizo. Si za kawaida, na wengi wanaopata mkanda wa jeshi hawafiki huko. Lakini zinapotokea, kila saa ina thamani, na mara nyingi mtu wa kwanza kuziona si daktari. Ni wewe uliye nyumbani na mgonjwa.

Kirusi kinacholala mwilini

Kirusi kinacholeta mkanda wa jeshi ndicho kile kile kinacholeta tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga anarudi shule na sisi tunasahau. Kirusi chenyewe hakitoki mwilini. Hupita kwenye neva hadi kwenye mafundo ya neva yaliyo kando ya uti wa mgongo na chini ya ubongo, kikalala humo miaka 20, 40, hata 70.

Kinga ya mwili ndiyo inayokizuia kuamka. Kinga ikishuka kwa sababu ya umri, VVU, saratani na matibabu yake, au dawa zinazopunguza kinga, kirusi huamka katika fundo moja na kuteremka na neva ya fundo hilo hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana malengelenge hukaa upande mmoja: neva za kulia huhudumia kulia, za kushoto huhudumia kushoto. Ile hofu ya siku nyingi kwamba mkanda ukizunguka mwili na ncha zake zikakutana mtu hufa haina msingi. Hatari ya ugonjwa huu iko kwingine, kama tutakavyoona.

Jambo hili lilichukua muda kueleweka. Daktari mmoja wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, aliyekuwa akihudumia familia za mji mdogo wa Cirencester, aliweka kumbukumbu za wagonjwa wake wa mkanda wa jeshi kwa miaka 16. Alipata 192 katika jamii ya watu wapatao 3,500. Aliona kwamba tetekuwanga huja kwa misimu na huambukizana, lakini mkanda wa jeshi hauna msimu, na huongezeka kadiri watu wanavyozeeka. Mwaka 1965 alichapisha hoja yake: mgonjwa wa mkanda wa jeshi hakuambukizwa jana na mtu. Ugonjwa umetoka ndani yake mwenyewe.

Ukishalielewa hilo, sura zote za ajabu zinaeleweka. Swali ni moja tu: kirusi kimeamka kwenye neva ipi, na neva hiyo hufanya kazi gani?

Uso na sikio

Mwaka 1907 daktari wa Marekani, James Ramsay Hunt, alieleza wagonjwa waliopooza upande mmoja wa uso huku wakiwa na malengelenge sikioni. Kirusi kilikuwa kimeamka kwenye neva inayoendesha misuli ya uso. Hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake.

Vijana wengi waliisikia kwa mara ya kwanza Juni 2022, pale mwanamuziki Justin Bieber, akiwa na miaka 28, alipojirekodi akionyesha kwamba upande wa kulia wa uso wake haukunji, haucheki na jicho lake halikonyezi. Aliahirisha maonyesho yake ili atibiwe.

Dalili zake nyumbani ni hizi: sikio linauma sana, mara nyingine siku chache kabla ya kitu kingine chochote. Kisha mdomo unavutwa upande mmoja, chai inamwagika pembeni mwa mdomo, jicho halifungi sawasawa. Wengine hupata kizunguzungu, mlio sikioni, hupungukiwa usikivu au chakula hukosa ladha. Malengelenge yanaweza kuwa machache na kujificha ndani ya tundu la sikio au juu kwenye kaakaa. Usipoangalia kwa tochi ya simu, huyaoni.

Mdomo ukipinda ghafla, usikae nyumbani kuamua kama ni neva ya uso au ni kiharusi. Hiyo ni kazi ya hospitali, na yote mawili yanataka haraka. Kazi yako ni kumfikisha, na kumwambia daktari: "Sikio lilianza kuuma Jumatatu, na ndani kuna vipele." Sentensi hiyo inaweza kubadili matibabu, kwa sababu uso uliopoozwa na kirusi hiki huhitaji dawa ya kupambana nacho mapema, na ukichelewa uwezekano wa uso kurudi sawasawa hupungua.

Jambo jingine ambalo familia husahau ni jicho. Jicho lisilofumba hukauka na kuchunika. Daktari atatoa matone au mafuta ya jicho, na ataeleza namna ya kulifunika wakati wa kulala.

Kipele kwenye ncha ya pua

Mkanda wa jeshi ukitoka kwenye paji la uso na kope, tazama pua. Neva inayofika kwenye ncha ya pua ni tawi la ile inayoingia ndani ya jicho. Kwa hiyo malengelenge kwenye ncha au ubavu wa pua ni onyo kwamba jicho linaweza kuwa limeshaguswa. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson aliliona hilo tangu karne ya 19, na bado madaktari wa macho hulitumia.

Mgonjwa huyo asisubiri jicho lianze kuwa jekundu au kuona ukungu. Aonwe siku hiyo hiyo, na apelekwe kwa wataalamu wa macho. Wapo watu wanaopoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa waliodhani ni upele wa paji la uso.

Mkono, tumbo na mkojo

Kwa kawaida kirusi hiki huumiza neva za hisia. Mara chache huruka hadi neva zinazoendesha misuli. Hapo mtu mwenye malengelenge begani anajikuta hawezi kuinua mkono kuchana nywele. Mwenye malengelenge kiunoni mguu unalegea. Mwenye mkanda tumboni anaona upande mmoja wa tumbo umetuna kama ngiri, ingawa hana ngiri. Ni misuli iliyolegea.

Malengelenge yakitoka makalioni au sehemu za siri, neva za kibofu zinaweza kuguswa. Mzee anakaa tangu asubuhi bila kukojoa, kibofu kimejaa, na anaona aibu kusema. Muulize. Asiyeweza kukojoa apelekwe hospitali mara moja.

Miguu yote miwili ikilegea, au mtu akawa hahisi chini ya kitovu, huenda uti wa mgongo wenyewe umevimba. Kichwa kikali, shingo ngumu, kuchanganyikiwa au degedege ni dalili kwamba ubongo au utando wake umeguswa. Hizo zote ni dharura.

Hapa kuna hofu moja inayogharimu maisha: kutolewa maji ya mgongo. Ndugu wengi hukataa kipimo hicho wakiamini kinapoozesha. Sindano hupitishwa chini ya pale uti wa fahamu unapoishia, na wakati mwingine ndicho kipimo kinachoweza kuonyesha kwamba kirusi kiko ndani. Uliza maswali yako yote kwa daktari, lakini usikatae kwa sababu ya maneno ya benchi la kusubiria.

Kiharusi baada ya upele kupona

Hii ndiyo sura inayotupita wengi. Neva za uso hufika pia kwenye mishipa mikubwa ya damu ya ubongo. Kirusi kinaweza kusafiri nazo hadi kwenye kuta za mishipa hiyo, zikavimba na njia ya damu ikawa nyembamba au ikaziba. Matokeo yake ni kiharusi.

Hatari hii huwa kubwa zaidi wiki za mwanzo baada ya mkanda wa jeshi, hasa uliotokea kuzunguka jicho, na hupungua kadiri miezi inavyopita. Tatizo ni kwamba kufikia wakati huo upele umekauka. Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida: bibi alipata malengelenge kwenye paji la uso mwezi wa tatu, yakapona. Mwezi wa tano anaamka hawezi kushika kikombe na maneno yanamponyoka. Kijana anayempeleka hospitali hakuwepo mwezi wa tatu. Anaulizwa kuhusu presha na sukari, anajibu. Hakuna anayetaja paji la uso.

Kiharusi kina sababu nyingi, na presha ndiyo kubwa miongoni mwake. Lakini kinachotokana na kirusi hiki kina matibabu yake ya ziada, na daktari hawezi kukitafuta kama hajui kwamba kulikuwa na upele.

Watoto nao wamo

Mzazi anaweza kudhani haya ni mambo ya wazee. Hata tetekuwanga ya kawaida mara chache huacha matatizo kwenye ubongo wa mtoto. Linalojulikana zaidi ni kuyumba: mtoto aliyekuwa anakimbia anatembea miguu ikiwa imepanuka, anaanguka, mikono inatetemeka akishika kijiko. Hutokea siku chache hadi wiki chache baada ya vipele. Wengi hupona kabisa ndani ya wiki kadhaa, lakini lazima aonwe, kwa sababu magonjwa mengine mabaya zaidi huanza hivyo hivyo.

Nadra zaidi, mtoto hupata kiharusi miezi kadhaa baada ya tetekuwanga, hata kufikia miezi 12. Mtoto akilegea upande mmoja ghafla, mtaje daktarini pamoja na tetekuwanga aliyougua, hata kama ulikuwa kabla ya likizo iliyopita.

Mtoto anaweza pia kupata mkanda wa jeshi wenyewe, hasa kama aliugua tetekuwanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja, au mama yake aliugua akiwa na mimba yake. Mara nyingi kwa mtoto mwenye afya huwa mwepesi.

Na tafadhali, mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini. Inahusishwa na ugonjwa hatari wa ini na ubongo. Kwa homa tumia parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake.

Maumivu yasiyo na upele

Mara nyingi maumivu hutangulia malengelenge kwa siku kadhaa. Mtu anaungua kifuani upande mmoja, anadhani ni moyo. Anaungua ubavuni, anadhani ni figo. Siku ya nne vipele vinatoka na kitendawili kinateguka.

Wapo wachache ambao vipele havitoki kabisa. Wanabaki na maumivu ya kuunguza, ya kuchoma kama sindano, upande mmoja tu, ngozi ikiwa safi. Wengine hupooza uso bila kipele hata kimoja. Familia huanza kusema mgonjwa anadeka. Kutokuonekana kwa upele hakumfanyi mtu kuwa mwongo.

Kinachotuchelewesha

Nyumbani tunachelewa kwa sababu mbili, na zote tunazijua.

Ya kwanza ni tafsiri. Uso ukipinda tunasema amepigwa na upepo, au ametupiwa kitu. Siku ya kwanza inakwenda kwa mashauri, ya pili kwa mganga, ya tatu kwa mafusho. Wengine hupaka majivu, dawa ya meno au majani yaliyopondwa juu ya malengelenge, na kidonda kinaingiwa na wadudu. Anayetaka kuomba na aombe, lakini aombe akiwa njiani kwenda hospitali.

Ya pili ni aibu. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Afrika waliona mkanda wa jeshi kwa vijana wengi wenye VVU, na mtaani jina hilo likawa kama hukumu. Hivyo kijana anajifungia chumbani, anavaa shati la mikono mirefu, anamwambia mama yake ni mzio.

Ukweli uko hivi: kijana akipata mkanda wa jeshi, kupima VVU ni jambo la busara, kwa sababu unaweza kuwa dalili ya mapema na dawa zipo. Lakini si kila mwenye mkanda wa jeshi ana VVU. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 3 atapata ugonjwa huu maishani mwake. Na aliyeanza ARV karibuni akapata mkanda wa jeshi asiache dawa. Mara nyingine ni kinga inayoamka upya, na daktari wake anajua la kufanya.

Mzazi, ukimfanya mtoto wako aogope macho yako kuliko ugonjwa, atauficha hadi dawa zipite wakati wake.

Siku tatu za kwanza

Dawa inayotumika zaidi ni vidonge vya asaikloviri. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Mtu mzima kwa kawaida huandikiwa miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, lakini mwenye shida ya figo hupunguziwa, kwa hiyo usijinunulie dukani. Dawa ya kupaka haitoshi kwa ugonjwa ulio ndani ya neva. Ubongo, uti wa mgongo au mishipa ya damu ikiguswa, mgonjwa hulazwa na kupewa dawa kwa dripu.

Siku tatu zikipita, bado nenda. Malengelenge mapya yakiendelea kutoka, jicho au uso ukiguswa, au kinga ya mgonjwa ikiwa ndogo, daktari anaweza kuanza dawa hata baada ya hapo.

Maumivu yakiendelea zaidi ya miezi mitatu baada ya ngozi kupona, mwambieni daktari. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazisaidii neva iliyojeruhiwa. Zipo nyingine, kama amitriptilini na gabapentini, ambazo hupewa kwa kupandisha kipimo taratibu.

Je, unaambukiza? Maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Hayampi mkanda wa jeshi. Funika malengelenge kwa kitambaa safi, nawa mikono, kila mtu atumie taulo lake. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, mtoto mchanga na mwenye kinga ndogo wakae mbali hadi malengelenge yakauke. Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa sahani na kikombe, wala kumnyima mtu wa kuongea naye.

Chanjo zipo pia. Ya tetekuwanga ilitengenezwa Japani na Dkt Michiaki Takahashi mwaka 1974, baada ya mwanawe kuugua vibaya. Ya mkanda wa jeshi hupendekezwa katika nchi kama Marekani kwa watu wa miaka 50 na zaidi. Chanjo ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto hapa Tanzania, kwa hiyo anayeitaka amuulize daktari wake kama inapatikana na kwa bei gani.

Kwa wengi wetu, basi, kinga iliyo karibu ni kumbukumbu, na simu unayosomea safu hii inatosha. Malengelenge yakitoka kwa mtu yeyote nyumbani, awe mtoto au mzee, yapige picha siku hiyo hiyo, kwa ruhusa yake. Simu itaandika tarehe yenyewe. Usiifute yakipona. Ikae mwaka mmoja, na mtu mwingine mmoja katika familia awe nayo.

Siku mdomo ukipinda, mkono ukilegea au kichwa kikiuma kupita kawaida, picha hiyo ndiyo itakayomwonyesha daktari upele ambao umeshakauka.